Kamera ya kwanza ya DSLR: mwongozo kwa wanunuzi wa Riyadh na Jeddah

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Saudi Arabia wapo wanaoweka akiba kwa ajili ya kitu kimoja kabla ya safari ya kurejea nyumbani: kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha. Baadhi yao hutaka kumbukumbu za familia tu. Wengine wana hesabu nyingine. Kamera hiyo ndiyo itakayofungua studio ndogo Mombasa, Tanga au Jinja, ipige picha za harusi na mahafali baada ya mkataba kwisha. Kwa hao wa pili, ununuzi mbaya ni mishahara ya miezi kadhaa iliyolala kabatini.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kwa fedha za kadiri, mambo ya kuangalia katika maduka na minada ya Riyadh na Jeddah, na mipaka ya sheria ambayo mgeni mwenye kamera hana budi kuijua.

Swali la awali ni kama kamera inahitajika kweli. Kwa mtu anayetaka kuwatumia jamaa picha kwa simu, simu ya kisasa inatosha, na mwenye duka atakayesema kinyume anataka kuuza. Kamera ya DSLR ina faida pale picha inapokusudiwa kuchapishwa, mwanga unapokuwa hafifu, mtu anapokuwa mbali, au mteja anapolipa.

Bei zimeshuka, na sababu yake

Katika DSLR mna kioo kinachoakisi mwanga, hivyo kwamba mpiga picha huona kile hasa kinachoonwa na lenzi. Kitufe kinapobonyezwa kioo hunyanyuka, shata hufunguka, na mwanga huangukia sensa, yaani kipande cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu. Kamera za namna hii zilikuwa anasa hadi Agosti 2003, kampuni ya Canon ilipotangaza EOS 300D kwa bei isiyofika dola 1,000. Nikon ilijibu kwa D70 mwaka uliofuata, na mashindano yakaanza.

Mashindano hayo yamehamia kwingine. Kampuni hizo mbili sasa zinashughulikia kamera zisizo na kioo, na DSLR mpya za mwisho kutoka kwao zilitangazwa mwaka 2020. Pentax peke yake ndiyo iliyoendelea kutoa nyingine baada ya hapo. Kwa mnunuzi asiye na fedha nyingi habari hizi si mbaya hata kidogo. Wapiga picha wa kulipwa wanaohamia teknolojia mpya huuza vifaa vyao vya zamani, na vifaa hivyo bado vina miaka mingi ya kazi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bodi ya kamera huchakaa na kupitwa na wakati, ilhali lenzi nzuri hudumu. Mfumo wa lenzi wa Canon uitwao EF ulianza mwaka 1987, na ule wa Nikon uitwao F ulianza mwaka 1959. Lenzi za EF zinaweza kufungwa hata kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo kwa kutumia kiunganishi, nazo zikafanya kazi zote. Nikon pia ina kiunganishi chake, ingawa lenzi zake za zamani zisizo na mota ndani hazitalenga zenyewe. Hivyo anayechagua kamera ya kwanza huwa amechagua ukoo wa lenzi atakaoishi nao, na heri aipangie lenzi fedha yake kwanza, kinachobaki kiende kwenye bodi.

Bodi: mitego ya kampuni mbili

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli. Picha ya sentimita 30 kwa 20 iliyochapishwa vizuri huhitaji megapikseli 8 hivi, na hata Nikon D90 ya mwaka 2008 ina zaidi ya 12. Hesabu hiyo basi isimtie mnunuzi hamu ya kuongeza fedha.

Mambo mengine yana uzito zaidi. Nikon ilipotoa D40 mwaka 2006 iliondoa mota ya kulengea ndani ya bodi, ili kamera iwe ndogo na ya bei rahisi. Mtindo huo ukaendelea katika mfululizo wa D3000 na D5000. Mwenye bodi hizo anahitaji lenzi zenye mota yake, zilizoandikwa AF-S. Lenzi za zamani zenye alama ya AF pekee zitafunga vizuri, lakini atalenga kwa mkono, na bibi harusi hasubiri. Lenzi mpya zaidi zenye alama ya AF-P, kwa upande wake, hazilengi kwenye bodi za zamani kama D90 na D3100. D90 na mfululizo wa D7000 zina mota ndani. Bodi za D7000 na D7100, aidha, zina nafasi mbili za kadi, hivyo kwamba picha moja huhifadhiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Anayekusudia kazi ya harusi asilichukulie hilo kuwa jambo dogo. Kadi ikiharibika, ndoa haifungwi upya.

Kwa Canon tatizo la mota halipo, kwani lenzi zote za EF huja nayo. Mtego wake umo katika kamera zilizopunguzwa gharama kupita kiasi. EOS 4000D ya mwaka 2018 ina kishikio cha lenzi cha plastiki badala ya chuma. Kamera hiyo pamoja na mwenzake 2000D hazina sindano ya katikati kwenye kiti cha flashi, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu zinazotegemea sindano hiyo haziwaki. Boksi jipya lenye harufu ya dukani huvutia macho. Hata hivyo, kwa kazi ya studio, mwandishi huyu angelipa fedha zilezile kwa Canon 60D au 70D iliyotumika, au Nikon D7100, maadamu imekaguliwa. Canon 70D ya mwaka 2013 ina sifa ya ziada: hulenga kwa utulivu wakati wa kurekodi video, na wateja wa harusi siku hizi hawaridhiki na picha mnato pekee.

Lenzi: mahali pa kutumia fedha

Lenzi inayokuja na kamera, aghalabu milimita 18 hadi 55, inafaa kwa kujifunzia, tena kwa mchana na kwa mandhari haina ubaya. Udhaifu wake huonekana usiku ukumbini. Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga huonyeshwa kwa namba yenye herufi f, na namba inapokuwa ndogo, tundu huwa kubwa. Lenzi ya kawaida ikivutwa hadi mwisho hufikia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya mama anayecheza chakacha akionekana uso wake na picha ya kivuli kilichotikisika.

Kwa bahati, lenzi za f/1.8 zisizo na zumu ndizo za bei nafuu kuliko nyingi. Canon wana EF milimita 50 f/1.8, ambayo toleo lake la STM lilitoka mwaka 2015. Nikon wana AF-S DX milimita 35 f/1.8 ya mwaka 2009. Kabla ya kuchagua kati ya urefu huo, mnunuzi ajue kwamba sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo picha huonekana kana kwamba imevutwa karibu: mara 1.6 kwa Canon na mara 1.5 kwa Nikon. Milimita 50 kwenye Canon ndogo huonekana kama 80, nayo ni nzuri kwa sura ya mtu mmoja lakini hubana chumbani. Milimita 35 kwenye Nikon hukaribia 52, yaani mtazamo wa kawaida wa jicho. Mwenye sebule ndogo ya Kariakoo au Eastleigh ataishukuru ya pili.

Baadaye, kazi ikishamiri, lenzi ya kuvuta ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8 ya Tamron au Sigma huweza kubeba karibu sherehe nzima. Kwa vitu vya mbali, Canon 55 hadi 250 yenye kitulizaji cha mtikisiko ni bora kuliko ile ya 75 hadi 300 isiyokuwa nacho, ambayo wauzaji hupenda kuitia katika kifurushi. Na tukitaja vifurushi: vioo vya kubandika mbele ya lenzi vinavyodaiwa kupanua au kuvuta picha, pamoja na stendi nyepesi ya miguu mitatu inayoyumba kwa upepo wa feni, vinaongeza bei na kupunguza ubora. Ni heri kuomba vitolewe na badala yake iongezwe betri ya pili.

Vumbi la Riyadh, unyevu wa Jeddah

Riyadh iko katikati ya nchi, kwenye nyanda kavu za Najd, na dhoruba za mchanga huifunika mara kwa mara, hasa katika miezi ya machipuo. Chembe moja ikiingia kwenye sensa huacha doa jeusi katika kila picha. Baadhi ya kamera hutikisa sensa ili vumbi lianguke: Canon 600D na 700D zinaweza, vivyo hivyo Nikon D3200 na D3300. Canon 2000D na 4000D haziwezi, na Nikon iliondoa uwezo huo katika D3400. Lenzi isibadilishwe nje siku ya upepo. Ikilazimu, kamera ielekezwe chini na mabadiliko yafanyike ndani ya gari au chumbani.

Jeddah, iliyo kando ya Bahari ya Shamu, ina adui mwingine. Hewa yake yenye unyevu hufanana na ya Mombasa au Unguja, na lenzi iliyofungwa muda mrefu kwenye mkoba wa giza huota kuvu ndani ya vioo. Aidha, mtu akitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi barazani, lenzi hufunikwa na ukungu wa maji papo hapo. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi hadi ipate joto la nje, na kuhifadhi lenzi pamoja na vifuko vya chembechembe zinazofyonza unyevu.

Kununua na kukagua

Vifaa vipya hupatikana katika maduka makubwa kama Jarir na eXtra, na katika maduka ya elektroniki ya mtaa wa Olaya mjini Riyadh na barabara ya Palestine mjini Jeddah. Wageni wengi huanzia Batha, Riyadh, au Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ambako bei hujadiliwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kwa asilimia 5 mwaka 2018 na kupandishwa hadi asilimia 15 Julai 2020. Basi muulize muuzaji kama bei aliyoitaja imejumuisha kodi, kwani riyali 2,000 zisizo na kodi huwa 2,300 kwenye malipo. Riyali imefungamanishwa na dola kwa 3.75 tangu mwaka 1986, kwa hiyo ni rahisi kulinganisha bei za Saudia na za nyumbani: riyali 1,500 ni dola 400.

Dhamana nayo isomwe. Karatasi ya mwenye duka haina nguvu nje ya duka lake, na dhamana ya kampuni huenda isitambuliwe Nairobi au Dar es Salaam. Anayenunua ili arejee nyumbani mwezi ujao asilipie zaidi kwa ajili ya dhamana asiyoweza kuitumia.

Vifaa vilivyotumika huuzwa katika minada, maarufu kwa jina la haraj, kama ile ya Ibn Qasim mjini Riyadh na ya Al-Sawarikh mjini Jeddah, na pia katika matangazo ya intaneti. Kukutana kuwe mchana, mahali pa watu, na fedha zisitumwe kabla ya kamera kushikwa. Mnunuzi aende na kadi yake ya kumbukumbu na tochi ndogo.

Kwanza aangalie idadi ya mara shata ilivyofunguka. Nikon yenyewe ilitaja mara 100,000 kwa D3100 na 150,000 kwa D7000 na D7100 kuwa ndicho kiwango zilichojaribiwa. Kwa kamera za Nikon idadi hiyo imo ndani ya faili la picha na husomwa kwa programu za bure za kompyuta, ilhali Canon nyingi huhitaji kuunganishwa kwa waya. Kisha aweke tundu dogo, f/16, na kupiga picha ya anga tupu au ukuta mweupe. Madoa yatakayoonekana ni vumbi, ambalo husafishwa, lakini mikwaruzo haisafishiki. Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo irudishwe kwa mwenyewe hata ikipunguzwa bei nusu. Baada ya hapo ajaribu kulenga karibu na mbali, awashe flashi, ageuze kila gurudumu, na ahakikishe lugha ya menyu anaielewa.

Risiti ni ya lazima, hata kwa kifaa kilichotumika. Iwe na namba iliyochapishwa chini ya kamera, jina la muuzaji na tarehe. Mgeni akikutwa na kifaa kilichoibwa atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza kwa lugha asiyoimudu.

Kamera na sheria

Mtazamo wa Saudi Arabia kuhusu kamera umebadilika sana. Simu zenye kamera zilikuwa marufuku hadi mwishoni mwa mwaka 2004, na viza za utalii kwa njia ya intaneti zilianza Septemba 2019. Leo watu hupiga picha bila shida At-Turaif, Diriyah, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010, na miongoni mwa nyumba za mawe ya matumbawe za Al-Balad, zilizoingizwa mwaka 2014. Msomaji kutoka Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona yuko nyumbani mbele ya madirisha yale ya mbao.

Lakini majengo ni jambo moja na watu ni jambo jingine. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inataja adhabu ya kifungo kisichozidi mwaka 1 na faini isiyozidi riyali 500,000, au mojawapo, kwa anayeingilia faragha ya watu kwa kutumia vibaya simu zenye kamera na vifaa vya namna hiyo. Kanuni za maadili ya umma za mwaka 2019 nazo zinakataza kupiga picha watu bila ridhaa yao. Wanawake na familia wasielekezewe lenzi kabisa bila ruhusa ya wazi. Majengo ya jeshi na polisi, kasri, vituo vya ukaguzi na balozi ni vya kuepukwa hata kama hakuna kibao.

Wanaofanya kazi majumbani wana hatari ya pekee. Picha ya sebule ya mwajiri au ya watoto wake, iliyopigwa kwa nia njema ya kuwaonyesha jamaa, inaweza kugeuka kuwa shitaka. Mahali salama pa kujifunzia ni nje ya nyumba hiyo. Vilevile, ikama ya udereva au ya kazi za ndani haimruhusu mtu kupiga picha za harusi kwa malipo. Kufanya kazi kwa faida yako nje ya mkataba na kafili ni kosa linaloweza kuishia kwa kurudishwa kwenu. Kamera ya biashara basi ijifunzwe Saudia, ifanye biashara nyumbani.

Kuhusu Makka na Madina: mpiga picha Mkenya Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha humo kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, alichapisha kitabu mashuhuri cha picha za Hija mwaka 1978. Mfano huo usimpe mtu moyo wa kuingia na DSLR. Novemba 2017 ilitangazwa marufuku ya picha na video ndani ya Misikiti Miwili Mitakatifu na viwanja vyake, na ingawa simu nyingi huonekana humo, kamera kubwa huvuta macho ya walinzi upesi.

Kabla ya kupanda ndege

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Zisafiri mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake. Kamera na lenzi nazo zikae mkobani, pamoja na risiti, kwani maofisa wa forodha huko nyumbani watataka kujua thamani. Chaja nyingi za kamera hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, na plagi ya pini tatu bapa inayotumika Saudia ndiyo ileile ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Kuna badiliko moja linalosahauliwa. Umeme wa Saudi Arabia hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, ule wa Afrika Mashariki mizunguko 50. Video iliyorekodiwa kwa mpangilio wa Riyadh chini ya taa za mirija za ukumbi wa Dar es Salaam inaweza kuonyesha mistari inayopanda na kushuka. Katika menyu ya video ibadilishwe NTSC kuwa PAL, irekodiwe kwa picha 25 kwa sekunde, na shata iwekwe 1/50. Jaribio lifanyike ukumbini siku moja kabla ya sherehe, taa zote zikiwa zimewashwa.